Injini gani nifunge kwenye pikapu yangu ya zamani? Maswali yenu na majibu

Meseji zenu za wiki hizi karibu zote ni za pikapu zilizochoka injini, kwa hiyo leo ni injini tu, mambo ya shokapu na matairi yasubiri. Maswali nimeyafupisha na majina nimeyaacha.

SWALI: Nina Hilux ya 1993 yenye injini ya dizeli aina ya 2L, nabeba viazi kutoka Kikondo kuja Mbeya mjini. Injini imechoka, moshi wa bluu, mlimani napitwa hadi na bodaboda. Mimi nataka 1KZ ila fundi wangu anasema weka 3L tu. Nimsikilize?

Mkuu, fundi wako hajakosea na wewe hujakosea, ila mnaongelea mifuko miwili tofauti. 2L ni cc 2,446 na haina turbo (ile feni ya kusukumia hewa kwenye injini), sasa injini isiyo na turbo kila ukipanda kama mita 1,000 kutoka usawa wa bahari inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu yake maana hewa inazidi kuwa nyepesi, na wewe barabara yako inapita juu ya mita 2,000, yaani ikiwa nzima kabisa ukifika kule moja ya tano ya nguvu imeshaondoka, halafu ongeza uchovu wa miaka yote hiyo, halafu ongeza zile gunia za lumbesa (sisemi unazibeba, ila tunajuana). Hapo bodaboda lazima ikupite.

3L ni cc 2,779 na 5L ni cc 2,986, zote ukoo mmoja na hiyo 2L yako. Uzuri wake ni kwamba giaboksi inabaki ileile, waya ni walewale, rejeta inatosha kama ni nzima, na pampu ni ya kawaida haina kompyuta, fundi yeyote wa Mwanjelwa anaifahamu kwa kuishika tu. Cha kuangalia ni kwamba 3L na 5L nyingi zinazouzwa zimetoka kwenye Hiace, na ya Hiace sampu yake (lile bakuli la oili chini ya injini) haiko sawa na ya Hilux, so injini yako ya zamani usiiuze chuma chakavu siku hiyohiyo! Toa kwanza sampu, bomba la kunyonyea oili na ile mikono ya mauntini inayoshikilia injini uhamishie kwenye injini mpya, maana watu huwa wanaiuza asubuhi halafu jioni wanazunguka mji mzima kutafuta sampu.

1KZ nayo ni cc 2,982 na ina turbo, kwa hiyo kule juu haisikii sana habari ya hewa nyepesi, ukikanyaga inaitika. Ila hesabu yake ni nyingine kabisa. Ile inayopatikana sana ni 1KZ-TE, pampu yake inaongozwa na kompyuta, kwa hiyo unahitaji injini, kompyuta yake, waringi yake nzima, sensa zake, mauntini za kutengeneza, giaboksi inayoendana nayo, rejeta kubwa zaidi, na bomba la eksozi la kuchomelea upya. Bei ya injini unayotajiwa dukani mara nyingi ni nusu tu ya safari. Na breki je? Gari ikishaanza kukimbia na viazi mgongoni, kuna kushuka pia, breki zilizopangiwa 2L utazikumbuka ukianza kuteremka.

Mimi ningekuwa wewe ningeweka 5L, nibaki na chenji ya kufanyia breki na rejeta. Ukipata nusu gari ya 1KZ (ile iliyokatwa ikiwa na injini na vifaa vyake) imekamilika kila kitu na una fundi umeme unayemwamini kweli, sio wa kujaribia kwako, basi hapo fuata moyo wako.

SWALI: Niko Chunya, kuna mtu anauza 3L anasema imetoka Japani haijatumika sana. Nitajuaje kama sipigwi?

Kaka, hakuna anayeuza injini akasema imetumika sana. Maneno yake muachie, wewe angalia chuma.

Fungua mfuniko wa oili uugeuze, uchungulie upande wa chini. Ukikuta utando mzito wa rangi ya maziwa-chai jua maji na oili yalishakutana humo ndani. Chomoa na dipustiki, uipake oili kwenye kidole usugue, ikikwaruza kama ina mchanga ondoka. Halafu zunguka pembeni ya bloku utafute vile vifuniko vidogo vya duara vya chuma, kama vina kutu inayotoka nje ujue hiyo injini ilikuwa inanyweshwa maji ya bomba bila kulanti. Angalia na mstari wa gasketi ya hedi, silikoni mpya inayong'aa kwenye injini ambayo "haijawahi kufunguliwa" ni jibu tosha. Na kuosha injini mpaka inameta huwa ni kuficha inapovuja, mimi injini chafu yenye vumbi kavu naiamini kuliko iliyopigwa rangi ya fedha.

Baada ya hapo omba ipimwe kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Dizeli za ukoo huu zikiwa nzima zinasoma karibu psi 450, ikishuka chini ya 300 achana nayo, na silinda moja isitofautiane na nyingine zaidi ya psi 70 hivi. Muuzaji akikataa kupima, hapo ndo ameshakujibu. Na taiming belti usiulize ina muda gani, weka mpya kabla injini haijaingia kwenye gari, maana ikikatika pistoni zinakutana na valvu na unarudi sokoni tena. Toyota wanasema kila kilomita 100,000, wewe anza kuhesabu upya siku unayofunga.

SWALI: Hilux Surf yangu ya 1KZ ilichemka nikiwa napanda Kitonga, sasa rejeta inatoa mapovu na maji yanapungua bila kuonekana yanakoenda. Nibadili injini nzima?

Pole sana. Subiri kwanza, usikimbilie injini. Mapovu ni dalili ya hedi kupasuka au gasketi kuungua, na 1KZ ikichemka kitu cha kwanza kupasuka ni hedi, hilo linajulikana. Ivue, ipelekwe kwa watu wa mashine waipime kwa presha. Imepasuka, nunua hedi mpya, usikubali kuchomelewa. Ukikuta na silinda zimekwaruzika ndo uanze kuwaza injini.

Ila hata ukifunga injini mpya kutoka kiwandani, kama hujajua kwa nini ilichemka itachemka tena palepale Kitonga. Mara nyingi ni rejeta iliyoziba, au ile kulachi ya feni imelegea feni inazunguka kivivu, au mfuniko wa rejeta umekufa. Huu mfuniko watu wanaudharau sana kwa vile ni kitu kidogo. Hapa Mbeya tuko kama mita 1,700, maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi sio 100, na ukipanda Kitulo yanachemka mapema zaidi. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni presha inayoshikwa na huo mfuniko, ukiisha nguvu unakuwa unaendesha sufuria. Badilisha, tena ununue wenye presha iliyoandikwa kwenye ule wa zamani, sio wowote unaoingia.

Na nimwombe fundi yeyote anayesoma hapa: acheni kutoa termostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto! Gari ikichemka tu mnaitoa mnasema "hii ni ya nchi za baridi". Kwani Makete mwezi wa saba ni wapi? Injini isiyo na termostati huku kwetu inakaa baridi asubuhi nzima, inakula mafuta, inaota masizi, na ugonjwa wenyewe wa kuchemka bado mmeuacha kwenye rejeta.

SWALI: Bro nipo Tunduma, nataka kufunga 1HZ ya Land Cruiser kwenye Hilux yangu ya zamani, inawezekana?

Ukiwa na grainda la kukatia na hela za kuchezea kila kitu kinawezekana. Lakini ni silinda 6, cc 4,164, ndefu na nzito, utakata ukuta wa mbele, utabadili springi, giaboksi na difu, na ukimaliza utakuwa umetumia hela ambayo ungeongezea kidogo ukanunua Land Cruiser yenyewe. Hapana.

SWALI: Pikapu yangu ni ya petroli, 22R ya kabureta. Naishi Iringa mjini, nabeba mizigo ya duka tu kutoka Ipogolo kwenda juu mjini. Wote wananiambia niweke dizeli.

Mama, wasikusumbue. Kutoka petroli kwenda dizeli unabadili karibu kila kitu mpaka kusafisha tanki, kwa safari fupi kama zako hiyo hela hairudi leo wala kesho. 22R ina cheni badala ya belti na inaoverhoolika vizuri, ringi, beringi, valvu zisagwe, kabureta isafishwe, inarudi kazini. Ukitaka kubadili kabisa basi tafuta 3RZ ya petroli, cc 2,693, nayo ina cheni, ila ni ya kompyuta kwa hiyo nunua na waringi yake.

SWALI: Nikibadili injini, kadi ya gari inakuwaje? Niko Mafinga, gari nalitumia kwa mbao.

Dada, kadi ina namba ya injini na cc zake, ukibadili injini hivyo vyote havisomani tena na gari. Kwanza nunua injini yenye risiti na namba inayosomeka, iliyosagwa namba usiiguse hata ikiwa bei ya bure, maana huwezi kujua imetolewa kwenye gari ya nani. Ukishafunga, gari likaguliwe na trafiki, halafu peleka kadi na karatasi zako TRA wabadilishe taarifa, na bima uwaambie pia. Fanya mapema kabla hujaanza kubeba mbao, kwa sababu siku ukitaka kuuza gari au siku ya ajali hiyo namba ndo kitu cha kwanza watu watakachokiinamia na tochi.