Re: Nairobi hadi New York ni kilomita ngapi, na kwa nini kwenda kunachukua muda mrefu kuliko kurudi?

Sasa kaka, ukichukua njia fupi kabisa kutoka JKIA (uwanja wa ndege wa Nairobi) hadi JFK (ule wa New York) ni kama kilomita 11,800 hivi, na direct ya Kenya Airways iliyoanza Oktoba 2018 huchukua kama masaa 15 kwenda na 14 kurudi. Hiyo tofauti ni upepo, kule juu karibu mita 10,000 kuna upepo mkali sana unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki, so ukienda Marekani ndege inapambana nao na ukirudi unaisukuma.

Usipime na rula kwenye ramani ya ukutani utadhani inakatia Kongo, Nigeria na Mali halafu baharini, hapana, chukua globu uvute uzi kati ya hizo miji mbili, utaona uzi unapanda Sudan Kusini, Chad, Algeria, unatokea Morocco ndio uingie Atlantiki. Marubani wanaeza badilisha kulingana na hali ya hewa au anga ikifungwa.

Kitu watu hawaangaliangi ni kwamba JKIA iko juu, zaidi ya mita 1,600, hewa ni nyepesi haiinui ndege vizuri, na ndege imebeba mafuta ya masaa yote hayo, kwa hivyo kuruka usiku kukiwa na baridi inasaidia sana, maana hewa baridi ni nzito zaidi.

Na vile umesema ni mathe (mama yako) anasafiri, tafadhali mkatie kiti cha kando ya njia, aamke atembee kila baada ya masaa mawili matatu, miguu huvimba vibaya.