Krismasi Usiyokuja Machame

Morogoro, 7 Desemba

Aikande mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikimsomea mama yako akiwa anachambua mchele. Umeuliza mambo mawili ukayafunga fundo moja: ukope uje Machame kwa Krismasi, au ubaki huko Trondheim, Norwei, ilhali wenzako wote wameondoka, na msimamizi wako amekualika kwake tarehe 24 nawe hujamjibu? Kisha ukamalizia, "Baba, wewe ulifanyaje ulipokuwa Ås, huku huku Norwei?"

La kwanza halina maneno mengi. Baki. Nauli za Desemba ni za wenye maduka Kariakoo, na wewe umeshamlipia mdogo wako ada. Ukikopa ili uonekane kijijini siku nne, Januari utakula nini? Najua kwa Mchaga ni neno zito hilo. Desemba lazima tupande mlimani Kilimanjaro, hata asiye na kitu hutafuta gari la kudandia. Nikifika tu kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, kuna mtu ataniuliza "Aikande yuko wapi?" kabla hajanisalimia. Huyo niachie mimi.

Bibi yako, hapana. Bibi umpigie mwenyewe, usinitume. Unajua kwetu aliyekosa hupeleka jani la sale, na aliyepelekewa sale hafungi mlango. Sasa sale haiwezi kufika kutoka Norwei, kwa hiyo simu yako ndiyo itakuwa sale.

Hilo la pili ndilo lililonikalisha mezani kuandika, maana sijawahi kumwambia mtu, hata mama yako amelisikia leo.

Nilikwenda Ås mwaka 1986, nimetoka kumaliza Chuo Kikuu cha Sokoine. Wanorwei walikuwa wakisaidia sana kitivo chetu cha misitu hapa Morogoro, ndiyo njia iliyotupeleka. Wiki ya kabla ya Krismasi, fundi mmoja wa maabara, mtu mzima mpole, alinifuata nikiwa nahesabu mbegu akaniambia nije kwao mkesha. Nikasema, "Hapana, asante, nisiwasumbue." Nilikuwa najivunga tu, mwanangu! Kwetu hakuna anayekubali mara ya kwanza. Unakataa, mwenyeji anasisitiza, unakataa kidogo, anakuvuta mkono, unaingia. Nikasubiri asisitize. Yule mzee akatikisa kichwa kwa heshima, akasema sawa, akaondoka.

Kule ukisema hapana, wanaamini umesema hapana.

Basi tarehe 24 nikatoka kwenda kununua chakula mchana, maduka yamefungwa. Tarehe 25 yamefungwa, 26 yamefungwa. Mabweni kimya kama shule wakati wa likizo. Jikoni nilikuwa na viazi, vitunguu viwili na kipande cha siagi, nikavila siku tatu. Saa kumi na moja jioni ya ile tarehe 24 kengele za kanisa zikalia kuikaribisha Krismasi, nami nimesimama dirishani nikitazama nyota za karatasi zenye taa kwenye madirisha ya watu. Ningeweza kwenda ibadani, ni Walutheri wenzetu, tuni nyingine nilizijua tangu Machame. Nilidhani nikiingia wataona kwamba sina pa kwenda baada ya hapo. Unaona jinsi mtu anavyojifungia mwenyewe?

Nikamwandikia bibi yako kwamba nimesherehekea na familia nzuri, nimekula mpaka nimeshindwa kusimama. Barua ikafika, akaisomesha uwanjani kanisani. Mwaka 1988 narudi, swali lake la kwanza: "Wale watu waliokulisha hawajambo?" Ikanibidi niwachukue watu wa mwaka wa pili niwahamishie mwaka wa kwanza.

Maana mwaka wa pili yule fundi aliniuliza tena, nikasema ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Walitulisha mbavu za nguruwe zenye ngozi iliyokauka ikawa inalia mdomoni, kisha tukashikana mikono tukizunguka mti tukiimba. Mchana walikuwa wametulisha uji mzito wa wali na maziwa. Sikujua kwamba ndani ya chungu hufichwa lozi moja, na atakayeikuta bakulini mwake anapata zawadi. Mimi nikaikuta, nikaitafuna, nikaimeza. Watoto wale wakala uji, wakaongeza, wakaongeza tena wakiisaka lozi, mama yao akaanza kujiuliza kama alisahau kuiweka. Nikainamisha macho. Mpaka leo hawajui.

Kwa hiyo mjibu msimamizi wako leo. Akisema saa kumi na moja, ni saa kumi na moja, si na nusu. Viatu utavua mlangoni, vaa soksi nzima. Mpelekee ule mfuko wa kahawa ya kihambani ulioufungia kabatini; watu wale wanakunywa kahawa kama sisi tunavyokunywa maji, na hiyo mama yako ndiye aliyeichuma. Chakula ukikitaka tena, sema unakitaka, usingoje kubembelezwa. Vya kwako nunua tarehe 23, vya siku tatu.

Umeniambia pia kwamba unalala vibaya na kwamba "siku haianzi". Hilo nalielewa. Sisi tunahesabu saa kwa jua: likichomoza ni kumi na mbili, kitambo kidogo saa moja, shamba linaanza. Huko Desemba jua lako linatoka saa nne asubuhi, na kufikia saa nane na nusu limekwishazama. Ås sisi tulikuwa kusini kidogo, tulilipata tangu saa tatu na robo hadi saa tisa na dakika chache, na hata hivyo mwezi wa kwanza nilikuwa nikiitazama saa ya mkononi kana kwamba inanidanganya. Dawa niliyoipata ni kutoka nje saa sita mchana kila siku, hata wingu likiwa zito, hata kama kazi haijaisha. Mafuta ya ini la samaki wanayokunywa ni mabaya, kunywa. Wanasema yanywewe miezi yote yenye herufi r katika jina lake. Kwa Kiswahili sheria hiyo ingetuua, maana Oktoba, Novemba na Desemba hazina r hata moja. Na usingizi ukiendelea kuharibika mpaka Januari, mwone daktari, usinyamaze eti wewe ni mwanafunzi wa udaktari na si mtoto.

Vile vyuma vya kuvaa chini ya viatu kwenye barafu umenunua? Nilianguka mara tatu kabla sijavinunua, mara moja mbele ya profesa.

Siku za kati ya Krismasi na mwaka mpya usizijaze kazi zote. Wao wana jina la siku hizo, na hawafanyi chochote kwa bidii kubwa. Tembea mpaka kwenye lile kanisa kuu lenu la mawe, kaa kando ya mto. Ukiwasikia Waganda au Wakongomani wa chuo wanapika, usijivunge hata kwao.

Sisi tunaondoka hapa tarehe 20, mama yako ameshafunga mizigo nusu. Mbuzi tumeshamlipia, mbege, pombe yetu ya ndizi, shangazi yako ataichanganya. Tarehe 25 usipige usiku, bibi hulala mapema na mtandao pale kihambani husumbua watu wakishakuwa wengi. Piga saa nne asubuhi ya huko, jua lako likianza kutokeza. Kwetu itakuwa saa sita mchana, tumetoka kanisani, bibi amekaa kwenye kiti chake chini ya mparachichi, na simu nitakuwa nimemshikisha mkononi tayari.

Ni mimi baba yako.