Serikali Iko Wapi Hapo?

Wadogo zangu mlioanza masomo ya uzamili huku Marekani, juzi mmeniachia rasimu tatu nizipitie. Mbili zinadai kampuni ya mtandao ilimvunjia mtu haki yake ya Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, yaani uhuru wa kusema, ilipomfungia akaunti. Nilizifunika, nikachemsha chai, nikarudi. Kuwacheka siwezi, kidonda hicho ninacho mwenyewe.

1. Itafute serikali kwanza. Mtihani wangu wa kwanza wa Katiba hapa ulikuwa na swali la mkahawa uliomfukuza mteja kwa rangi yake. Moyo ukaniruka! Mimi nimetoka Kenya na Katiba yetu ya 2010, ambayo Kifungu cha 20 kinasema Sheria ya Haki inawafunga watu wote, si vyombo vya dola peke yake. Nikaandika kurasa nne. Nikaimwaga Brown ya 1954, kesi iliyokataza kutenga wanafunzi kwa rangi katika shule za umma, nikapima kwa kipimo kikali, yaani uchunguzi mgumu kuliko wote ambao mahakama huifanyia sheria, nikaishona hoja ya ulinzi sawa hadi ikakaa kama suti ya bwana harusi. Nilipotoka nikampigia mama kumwambia mtihani ulikuwa mteremko.

Karatasi ikarudi. Kurasa nne, alama sifuri, na mstari mmoja wa wino mwekundu: "Serikali iko wapi hapo?" Nikaenda kwa mwalimu kulalamika, tena kwa sauti. Akafungua Marekebisho ya 14 ya Katiba, yale yenye ulinzi sawa wa sheria, akaweka kidole kwenye sentensi ya pili, akaniambia nisome. "Hakuna jimbo..." Akaninyamazisha hapohapo.

Mahakama ya Juu ya Marekani ililimaliza hilo tangu 1883 katika kesi ziitwazo Civil Rights Cases: Marekebisho hayo yanazuia jimbo, si mwenye hoteli. Mwenye hoteli alikuja kubanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, nayo mahakama iliikubali mwaka uleule kwa mamlaka ya Congress, yaani bunge la Marekani, juu ya biashara kati ya majimbo. Ndiyo maana hukumu hiyo, Heart of Atlanta Motel, imejaa habari za wasafiri na barabara kuu. Nusu ukurasa ungetosha.

Na msinikimbilie na kesi ya Shelley v. Kraemer mkidai ilimbana mtu binafsi. Pale mahakama ya jimbo yenyewe ndiyo iliyotumika kumzuia mnunuzi mweusi asikae katika nyumba aliyoinunua. Serikali hiyo hapo!

2. Ukiishtaki serikali kuu, shika Marekebisho ya 5, maana ulinzi sawa wa ya 14 unataja majimbo tu. Soma Bolling v. Sharpe, kesi ya shule za mji mkuu Washington, iliyotoka siku moja na Brown.

3. Taja kipimo kabla ya kupima: rangi ni kikali, jinsia ni cha kati, sheria za kawaida za uchumi ni cha chini.

4. Someni majaji waliopinga. Jaji Harlan alibaki peke yake kuipinga ile hukumu ya 1883, naye alizaliwa Kentucky katika familia iliyomiliki watumwa. Mkewe ameeleza kwamba maoni yale yalimkwama, akawa anakesha bila kuyamaliza. Basi mama yule akakitoa kidau cha wino kilichokuwa cha Jaji Mkuu Taney, kilekile kilichoandikia Dred Scott, hukumu ya 1857 iliyosema mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani, akakisafisha, akakijaza, akakiweka mezani kwa mumewe. Kalamu ikafunguka.

Mimi kidau sina, nina kalamu nyekundu. Rasimu zenu mje mzichukue Jumatano. Ile ya tatu haina jina, mwenyewe anajijua.