Muulize Kapteni: Mkufunzi wa usaili anataka 54,000, nimpe?

Kapteni, shikamoo. Mimi ni msichana wa Malindi. Nina leseni ya urubani wa biashara na saa 870 za kuruka, nyingi nimezipata kwenye Caravan, ndege ndogo ya abiria, nikiwa rubani msaidizi kati ya uwanja wa Wilson wa Nairobi, Malindi na Manda, uwanja wa Lamu. Sasa shirika moja la ndege kubwa limeniita usaili, na zimebaki wiki tatu. Nimempata mtandaoni mkufunzi anayewaandaa marubani kwa usaili. Anataka shilingi 54,000 kwa vipindi vitatu vya video, pamoja na kitabu chake cha majibu ya maswali 100. Baba yangu ni mvuvi, anasema huo ni wizi wa mchana: mtu mzima hafundishwi kuzungumza. Marafiki nao wanasema bila mkufunzi sitoboi. Nifanyeje?
Msomaji, Malindi

Marahaba, mwanangu. Mpe baba salamu, umwambie nusu ya maneno yake nayakubali.

Kabla sijastaafu na kurudi nyumbani Lamu, nilikaa miaka sita upande wa pili wa ile meza, nikiwasaili marubani. Siku moja tulikuwa na vijana wanane. Swali tulilowauliza wote ni hili: tueleze siku uliyotofautiana na kapteni wako. Wa kwanza akasema kapteni alisahau kuteremsha flapu, vile vibao vya bawa vya kutulia, naye akamkumbusha "kwa heshima lakini bila kuyumba", na walipotua kapteni akamshukuru. Vizuri. Wa tatu, kapteni wake naye alisahau flapu. Alipofika wa sita, mwenzangu aliweka kalamu chini akanitazama, nikajua flapu zaja. Zikaja, na heshima yake bila kuyumba. Wote watatu walikuwa wamenunua duka moja. Hakuna aliyepita, na hadi leo naamini mmoja wao alikuwa rubani mzuri aliyekiacha kisa chake nyumbani akaja na cha watu.

Kwa hiyo kitabu cha majibu 100 usikichukue, hata ukipewa bure.

Ile nusu nyingine ya baba siikubali. Mwaka 1994 nilikwenda usaili wangu wa kwanza wa ndege kubwa bila kuandaliwa na mtu. Suti ya kuazima, mifumo ya ndege nimeihifadhi kama Alhamdu. Swali la kwanza halikuwa la mifumo. Waliniuliza kwa nini saa za kwenye fomu zinazidi za kwenye logibuku, daftari la safari za rubani, kwa saa 11. Nilikuwa nimekosea kujumlisha ukurasa mmoja. Nami, badala ya kusema "nimekosea", nikaanza kujitetea, mara karani, mara kikokotoo, na kila nikijitetea nazidi kuzama. Laiti mtu angenikalisha jioni moja tu, akakagua karatasi zangu na kunihoji kwa uso mkavu, kosa lile lingeonekana mapema, na ule ugonjwa wa kujitetea ungeonekana pia. Hiyo ndiyo kazi ya mkufunzi wa kweli. Anakuhoji kama wao watakavyokuhoji, anakurekodi, kisha anakuonyesha ulipobabaika, na inauma.

Muulize basi huyo wako kama amewahi kurusha ndege ya marubani wawili au kukaa kwenye jopo, na kama ataisoma fomu yako kabla ya kipindi. Akikujibu kwa kukutumia orodha ya bei, kata simu.

Turudi kwenye lile swali la kapteni, maana ndilo linalowaangusha wengi. Hawakuulizi ili wakuone jasiri. Desemba 1978 ndege ya DC-8 ilizunguka karibu na Portland, Marekani, marubani wakihangaika na tatizo la magurudumu hadi mafuta yakaisha hewani. Watu 10 walikufa. Ndani ya chumba cha marubani kuna waliojua mafuta yanapungua, lakini walilisema kwa kuzungukazunguka na halikumwingia kapteni. Mwaka uliofuata NASA iliitisha warsha juu ya jambo hilo, na humo ndimo yalimozaliwa mafunzo ya marubani kufanya kazi pamoja ambayo leo kila shirika linayo. Babu yangu wa Matondoni hakusoma hayo, lakini katika jahazi lake baharia mdogo kabisa alikuwa na ruhusa ya kupiga kelele akiona mwamba, hata kama nahodha amelala. Jopo linataka kujua kama wewe utapiga kelele, na kwa maneno gani.

Saa 870 za mwambao huu haziwezi kukosa kisa. Tuseme ni masika, Manda imefunikwa na mvua, abiria wanalalamika, kapteni anataka kushuka kidogo zaidi "tuone maji". Wewe ulisema nini hasa? Mafuta yalikuwa kiasi gani, na kurudi Malindi ni kama nusu saa kwa Caravan? Eleza hali ilivyokuwa, jukumu lako, ulichofanya, na mwisho wake, usizidi dakika mbili. Na uache "tulifanya, tuliamua". Jopo litauliza nani, wewe au yeye? Kisha msimulie baba yako. Mvuvi anaijua mvua na anamjua nahodha mkaidi. Akikukatiza kuuliza "sasa aliyesema mrudi ni nani?", kisa chako bado hakijaiva. Huyo ni mkufunzi wa bure, na akilalamika mkumbushe alivyosema juu ya wizi.

Masomo sina wasiwasi nayo, ila yazungumze kwa lugha ya kazi yako. Ukiulizwa kuhusu hewa nyepesi, usiseme kanuni halafu ukanyamaza. Sema Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, ambako joto la kawaida la vitabuni ni kama digrii 4. Siku ya digrii 25, kila digrii iliyozidi inaongeza kama futi 120, kwa hiyo ndege inajiona iko karibu futi 8,000, ndiyo maana inakimbia sana ardhini kabla ya kunyanyuka kuliko Malindi, huku chini ufukweni. Na hesabu za kichwa zifanye kila siku ukiwa jikoni: kutoka futi 35,000 hadi 5,000 ni elfu 30; chukua 30 mara tatu, anza kushuka maili 90 za baharini kabla ya kufika.

Fedha zako sasa. Nunua kipindi kimoja tu, ukifanye wiki ya pili, baada ya fomu, logibuku na visa vyako kuwa tayari. Kwa fedha za vipindi viwili usivyonunua, tafuta mwalimu na saa moja ya simuleta, mashine ya kuigiza urushaji, ya ndege ya marubani wawili. Mashirika mengi yakikuita usaili hukupima na mkono pia kwenye simuleta, na hapo hawatafuti urushaji wa kupendeza. Watakusahihisha makusudi mara moja, waone kama jaribio la pili limebadilika.

Jambo dogo la mwisho: mkufunzi akikuambia uongee Kiingereza kwa pua, kataa. Kwa matamshi, kiwango cha 4 cha kimataifa cha Kiingereza cha marubani kinataka ueleweke tu, na Kiingereza cha Kimalindi kinaeleweka.

*

Kapteni, mimi navaa miwani. Aliyeniandaa kwa usaili ameniambia niivue siku hiyo nisionekane dhaifu. Ni kweli?
Msomaji, Langoni, Lamu

Huyo mbadilishe. Kipimo cha afya cha daraja la kwanza kinaruhusu miwani, mradi ukiivaa kila jicho lifike 6/9 na yote mawili kwa pamoja 6/6, yaani kuona kwa kawaida. Masharti ya miwani yameandikwa kwenye cheti chako cha afya, na cheti hicho watakuwa nacho mezani huku wewe ukikodoa macho kusoma karatasi ya mtihani. Vaa. Na ukienda kwenye simuleta beba miwani ya pili, iweke karibu na mkono kama sheria inavyotaka ukiwa kazini. Wapo wasaili watakaoiona.