Jibu: Wanyama gani niwachore kwenye kitabu cha Krismasi cha watoto?

Salaam ndugu. Umesema umechora ng'ombe, punda na ngamia horini, mwalimu mwenzako akakuambia uwafute kwa kuwa hawamo kwenye Biblia. Usifute kwanza.

Fungua Luka 2:7. Biblia yetu ya Union inasema "hori ya kulia ng'ombe", kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anamwona ng'ombe palepale. Kigiriki kinataja hori tu. Mwenzako yuko sahihi, ila ng'ombe na punda wana asili yao: Isaya 1:3, ng'ombe amjua bwana wake na punda kibanda cha bwana wake. Mtakatifu Fransisko wa Asizi naye aliwaleta wakiwa hai kwenye hori la Krismasi aliloandaa pale Greccio, Italia, mwaka 1223.

Kondoo hawana ubishi, wachungaji walikuwa makondeni na kundi lao. Ingawa Luka hasemi walikwenda nao Bethlehemu!

Kazi iko kwa ngamia. Mathayo 2 haimtaji, na mamajusi wanamkuta mtoto "nyumbani". Mimi ningempa ukurasa wake, mbali na hori.

Nilipowasomea watoto wa shule ya Jumapili hadithi hii, hakuna aliyeuliza aya. Waliuliza punda alilala wapi kama kitanda chake kimechukuliwa. Basi mpe kila mnyama jambo moja la kufanya, sentensi mbili kwa ukurasa, na mlio wake wauige. Kelele itakuwepo, jiandae.

Mambo ya uchapaji nawaachia wanaoyajua.