Kibao kinachomwita kila mtu

SWALI: Mhariri, mimi ni fundi cherehani wa Sinza. Hushona magauni ya shughuli taratibu, lakini wengi wanaonijia hutaka nguo kesho, kwa bei ya Kariakoo. Kibao changu kinasema: "Tunashona nguo za aina zote". Nimekosea wapi?

JIBU: Dada yetu, kibao hicho kinamwita hata mwenye haraka, basi usimlaumu anayeitika. Andika kama unavyozungumza na mteja: kwamba gauni hujaribiwa mara mbili kabla ya kukabidhiwa, na kwamba oda hupokelewa wiki tatu kabla ya shughuli. Katika WhatsApp, badala ya mitindo ya kuokota mtandaoni, weka picha ya pindo kwa ndani, mahali ambapo fundi mwenye papara huficha makosa yake. Mwanzoni wateja watapungua, na mfuko utalalamika.