Maswali ya Gari: CLS ya Dizeli kwa Njia za Unguja na Pemba

Tangu nilipogusia gari za dizeli za Ulaya zinazozidi kuonekana mjini, maswali mengi mliyonitumia yameangukia gari moja: Mercedes-Benz CLS 250 CDI, ile ya milango minne iliyochongwa paa kama ya milango miwili. Naizungumzia umbo la pili, C218, lililoingia sokoni 2011. Katika ukoo wa CLS hii ndiyo iliyokuwa ya chini kabisa, ya kuanzia, na ndiyo ya kwanza kupewa silinda nne. Nimechagua maswali yanayowahusu wengi.

Assalamu alaykum, kaka. Naitamani CLS 250 lakini wenzangu barazani wananicheka: gari kubwa vile, silinda nne, tena dizeli! Itavuta kweli? (Kijana wa Kiembesamaki)

Waalaykumu ssalaam. Waache wacheke. Injini ni ya cc 2,143, ina tabo (turbo) mbili, ndogo ya kuamkia na kubwa ya kukimbilia, na nguvu zake ni farasi 204. Hapo hapana la ajabu. La ajabu ni mvuto wake, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha magurudumu (torque), nyutonimita 500. CLS 350 ya petroli ya wakati huohuo, silinda sita na farasi 306, mvuto wake ni 370 tu. Tena mvuto wa dizeli hii huna haja ya kuusubiri huko juu, unaukuta chini kabisa, injini ikizunguka kama mara 1,600 kwa dakika.

Njiani maana yake ni hivi. Umetoka Tunguu, mbele yako kuna fuso la mchanga, na umepata nafasi ya kulipita. Gari ya petroli unaikanyaga, inashuka gia mbili, inapiga kelele, ndipo inaondoka. Hii unaigusa tu. Mara nyingi haibadilishi hata gia, sindano inapanda taratibu kutoka elfu moja na nusu, na fuso limeshabaki nyuma. Giaboksi ni otomatiki ya gia saba na inaijua injini yake: inapandisha gia mapema na kukuacha uogelee kwenye mvuto. Ukiilazimisha kupita elfu nne inakupa kelele tu, haikupi kasi zaidi, kwa hiyo usijisumbue.

Kutoka sifuri hadi 100 ni sekunde 7.5, na mwisho wake ni kilomita 242 kwa saa. Hiyo 242 isome kisha uisahau. Unguja nzima, Nungwi hadi Makunduchi, haifiki kilomita 90 ukipima moja kwa moja, na katikati yake mna mbuzi, skuli, matuta na askari. Ndiyo maana mimi nasema gari hii hapa kwetu inunuliwe kwa mvuto wake wa chini na utulivu wake. Anayenunua kwa ajili ya mbio amelipia kitu asicho na pa kukitumia.

Kasoro? Asubuhi ikiwa baridi, ukisimama nje karibu na boneti utadhani kuna jenereta la hoteli limewashwa. Ndani, vioo vikiwa juu, mgongano huo unasikika kwa mbali, na ikishapata moto unapotea. Usukani ni wa umeme, mwepesi pale Darajani na unakaza mwendo unapopanda, lakini haukusimulii sana kilichopo chini ya tairi. Ukiingia kona kwa fujo, unauhisi uzito wake. Ni gari ya kusafiria, ukiipeleka kwa mkono laini inakulipa. Kama mlio wa silinda nne utakuudhi kila siku, tafuta ndugu yake 350 CDI ya silinda sita: farasi 265, mvuto 620, sekunde 6.2, na sauti yake ni ya gari nyingine kabisa. Jiandae tu na mkoba.

Naishi Mbweni. Asubuhi nawapeleka watoto skuli, naingia kazini Mjini, jioni narudi. Mume wangu anataka kuninunulia CLS ya dizeli. Nikubali? (Mama wa watoto watatu)

Dada yangu, kataa kwa upole. Dizeli za kisasa zina chujio la masizi ndani ya egzosi. Chujio hilo linajisafisha kwa kuyachoma masizi, na ili yaungue moto wa humo lazima ufike karibu nyuzi 600. Moto huo haupatikani kwa mwendo wa Mbweni hadi skuli, kisha foleni, kisha kuzima. Gari inaanza kujichoma, unaizima katikati, kesho inaanza tena. Masizi yanajaa, taa inawaka, nguvu inakatika. Jambo baya zaidi halionekani: kila inapojaribu kujichoma inaongeza dizeli kwenye silinda, na ikikatizwa mara kwa mara dizeli hiyo inachuruzika hadi kwenye oili. Ukiona oili inaongezeka badala ya kupungua, usifurahi, hiyo ni dizeli.

Mkishainunua, basi angalau mara moja kwa wiki itoke: Paje, Nungwi, Kiwengwa, popote pa kwenda bila kusimamasimama kwa muda wa kutosha. Siku feni inavuma baada ya kuzima na unasikia harufu ya moto, ujue umeikatiza kazini. Oili iwe ile yenye alama ya MB 229.51 kwenye kopo. Oili za kawaida huacha jivu jingi linaloziba chujio, na jivu haliungui. Dizeli nunua sheli inayouza sana, mafuta yasiyolala tangini, na ya vidumu vya barazani usiyaguse. Ulaya injini hii ilizaliwa kwenye dizeli ya salfa isiyozidi sehemu 10 katika milioni.

Na fundi akikwambia "tulitoboe tu hilo chujio, yaishe", mshukuru na uondoke. Moshi mweusi utaupumua wewe na watoto.

Nahesabu pia kwamba una watoto watatu. Nyuma ya C218 mna viti viwili tu, na katikati yake hapakaliki. Tungeanzia hapo.

Nimeazimwa CLS. Nikataka kutoa indiketa ya kulia pale taa za Mwanakwerekwe, gari ikaacha kuvuta, inavuma tu. Ina ubovu? (Msomaji wa Fuoni)

Haina ubovu wowote. Wewe umezoea Toyota za Japani, indiketa mkono wa kulia. Kwenye CLS hii kijiti cha kulia cha usukani ndicho gia. Uliigusa ikaingia nyutro. Indiketa na waipa vyote viko kwenye kijiti kimoja cha kushoto. Ukiwa kwenye mwendo gari inakataa kuingia rivasi au paki, kwa hiyo giaboksi haikudhurika. Ila kwa wiki za mwanzo mkono wa kulia ufunze adabu, na usimwazime mtu bila kumwambia.

Shikamoo haikuhusu, wewe mdogo kwangu. Niko Chake. Gari hii itaiweza milima ya Pemba, au nibaki na Prado yangu? (Mzee wa Chake Chake)

Shikamoo mzee wangu, mimi naitoa hata kama hukuidai. Kwa milima, Pemba inaifaa gari hii kuliko Unguja. Njia zenu zinapanda na kushuka, kona juu ya kona, na kazi kama hiyo ndiyo mvuto wa chini unaipenda. Kwenye mpando utaiona inapanda na gia ya juu bila kuhangaika. Kwenye mteremko mrefu usiining'inize kwenye breki: vuta kibonyezo cha kushoto nyuma ya usukani, ishuke gia moja au mbili, injini iishike yenyewe.

Lakini ukiacha lami, mambo yanageuka. Inasukumwa na magurudumu ya nyuma, tairi ni pana, tumbo liko chini. Wakati wa masika, udongo mwekundu wa kuelekea mashamba ya karafuu utaiweka pembeni na watoto watakuja kukutazama. Kuingia na kutoka melini nako ni mtihani, bampa ya mbele ni ndefu: mwombe anayepanga gari akupishe upande ngazi kwa mshazari, pole pole, na mtu mmoja aangalie chini.

Prado usiuze. CLS iwe ya pili, ya Mkoani na Wete kwa lami.

Kwani Mercedes ndio walioanza hii mitindo ya milango minne na paa la kuteleza? (Mzee wa Malindi)

CLS ya kwanza ya 2004 ndiyo iliyofanya wengine wote waige. Lakini Waingereza walishauza Rover P5 ya paa lililoshushwa, milango minne, tangu 1962. Haikuambukiza mtu.

Nakodisha gari za harusi. CLS nyeupe italeta pesa? (Msomaji wa Amani)

Kwa macho ya watu, naam. Ubavu wake una mstari unaoshuka kutoka taa ya mbele na bega linaloinuka juu ya gurudumu la nyuma. Ikisimama mbele ya ukumbi usiku, simu zote zinatoka. Kwa anayekaa ndani, hesabu nyingine. Nyuma anaingia biharusi na somo wake, basi. Paa linashuka palepale kichwa kinapopita, na mtindo wa nywele uliolipiwa tangu asubuhi unaweza kuishia kwenye ukingo wa paa. Mfundishe dereva wako amwambie bibi aanze kukaa, kisha ndiyo aingize miguu na gauni.

Milango yake haina fremu ya kioo. Ukishika kitasa kioo kinashuka kidogo kupisha mpira, ukifunga kinapanda. Betri ikiwa dhaifu kioo hakishuki, na mlango ukisukumwa kwa nguvu mpira unaharibika. Kwa hiyo betri iwe nzima kila Ijumaa. Hiyo milango pia ni ya alumini, haipati kutu nyekundu ya chumvi yetu, lakini viunganishi vya waya na diski za breki chumvi haiwaachii. Ukirudi kutoka harusi ya pwani, ioshe kwa maji matamu mpaka chini.

Natafuta ya kuagiza kutoka Uingereza. Nikague nini? (Msomaji wa Bububu)

Sikiliza ikiwashwa baridi kabisa, kabla mwenyewe hajaipasha. Cheni ya taimingi ya injini hii iko nyuma, upande wa giaboksi. Ikilegea utasikia mkwaruzo wa sekunde chache, na kuibadilisha ni kazi ya kufungua injini. Uliza kuhusu nozeli: injini za mwanzo za ukoo huu zilitoka na nozeli za aina iitwayo piezo zilizosumbua, zikabadilishwa. Taka karatasi. Muombe mkaguzi apige picha chini ya gari, kwa sababu kule majira ya baridi wanamwaga chumvi njiani.

Kwa matuta yetu, hasa ukipita Jozani, chagua yenye springi za kawaida. Zipo zenye mito ya hewa, ni raha ya mfalme, lakini mpira wake unazeeka kwa joto na kompresa ikifa gari inalala chini. Rimu za inchi 19 na tairi nyembamba waachie wenye lami ya kioo, 17 au 18 zinatosha.

Zilizotoka mwishoni mwa 2014 ziliitwa BlueTEC, baadaye 250 d, na hizo zina tangi la AdBlue, maji ya kusafishia moshi. Yakikaribia kuisha, gari inakuhesabia kilomita, na yakiisha haiwaki. Kabla ya kulipa, jua nani atakuletea.

CLA, mdogo wake CLS, ya dizeli je? Ni bei nafuu zaidi. (Msomaji wa Tomondo)

Ni nzuri ya kutazama, inakula mafuta kidogo, lakini ni mnyama mwingine: ilitoka 2013, inavutwa na magurudumu ya mbele, na springi zake ni ngumu kwenye mashimo ya Tomondo. Umbo lake linapasua upepo kwa namba 0.23 (namba ikiwa ndogo, upepo unaizuia kidogo), jambo lenye faida ukiwa 120 na kuendelea. Kama unataka ndogo, itazame pia BMW 420d Gran Coupe ya kuanzia 2015, yenye injini iitwayo B47, farasi 190. Inasukumwa nyuma, usukani wake unazungumza, na mlango wa nyuma unafunguka wote, hata gunia la mchele linaingia.